Alama moja, amri nyingi: kompaila huona nini unapoandika ==

Kuna swali ambalo karibu kila anayejifunza Java, lugha ya kuandikia programu, hufika mahali akaliuliza. Ameandika programu inayomwomba mtumiaji aandike jina, akalilinganisha na jina lililohifadhiwa kwa kutumia alama ya ==, na programu ikasema majina hayo si sawa. Anayachapisha yote mawili kwenye skrini, anakuta herufi kwa herufi ni yale yale. Anawauliza wenzake, nao wanamjibu: “Tumia equals, achana na ==.” Anabadilisha, programu inakubali, naye anaendelea na shughuli zake bila kujua kilichotokea.

Jibu hilo ni sahihi, lakini linamnyima mtu ufahamu aliostahili kuupata. Anabaki na kanuni ya kukariri. Kesho anakutana na 0.1 + 0.2 inayokataa kuwa sawa na 0.3, anakariri kanuni ya pili. Kesho kutwa anakuta namba 127 mbili ziko sawa lakini 128 mbili haziko sawa, anakariri ya tatu. Kanuni zote hizo zimechipuka kwenye mzizi mmoja. Alama == ni jina la pamoja la matendo kadhaa yaliyo tofauti kabisa, na anayechagua tendo lipi litumike ni kompaila, mara nyingi kabla programu haijaanza kuendeshwa.

Tuanze na maneno yenyewe

Kompaila ni programu inayosoma msimbo ulioandikwa na binadamu na kuugeuza kuwa amri zinazoweza kutekelezwa na prosesa. Prosesa yenyewe inajua mambo machache: kujumlisha, kutoa, kuzidisha, kugawanya, kusogeza biti (tarakimu za 0 na 1), kusoma na kuandika kwenye kumbukumbu, kulinganisha, na kuruka kutoka amri moja hadi nyingine. Jambo linalofanyika kwa pigo moja, ambalo kompaila haihitaji kulivunjavunja zaidi, ndilo linaloitwa tendo la msingi. Kujumlisha namba kamili mbili ni tendo la msingi. Kupanga orodha ya majina kwa alfabeti si tendo la msingi, kwani ni kazi iliyojengwa kwa maelfu ya matendo ya msingi.

Je, kuuliza kama vitu viwili ni sawa ni tendo la msingi? Wengi hujibu ndiyo bila kusita, kwa sababu alama yake ni fupi na inafanana popote inapotokea. Hapo ndipo mkanganyiko unapoanzia, kwa sababu ufupi wa alama hausemi lolote kuhusu ukubwa wa kazi iliyo nyuma yake.

Alama ya usawa yenyewe ina historia ya kugombaniwa. Robert Recorde wa Wales aliitumia mistari miwili sambamba kuonyesha usawa mwaka 1557. Miaka 400 baadaye, mwaka 1957, lugha ya Fortran iliichukua alama hiyo kwa kazi nyingine: kuweka thamani ndani ya kigeu. Lugha ya Algol ikajaribu kurudisha heshima kwa kuandika := kwa kuweka thamani na kuiacha = kwa usawa. Kisha pale Bell Labs, maabara ya utafiti ya Marekani, lugha ya B, na baada yake C, zikafuata njia ya Fortran, usawa ukabaki na alama iliyorudiwa mara mbili: ==. Lugha nyingi tunazotumia leo zimerithi uamuzi huo.

Kwa kompaila hizi ni alama mbili zisizo na undugu wowote. Inaposoma msimbo hukata maandishi vipande vipande na kuchukua kipande kirefu zaidi kinachowezekana, kwa hiyo == husomwa kama kitu kimoja wala si = mbili zilizobanana. Ndani ya GCC, kompaila inayotumika sana kwa lugha ya C, kuweka thamani kunakuwa kifundo (tutaona hivi punde vifundo hukaa wapi) kiitwacho MODIFY_EXPR, na kulinganisha kunakuwa EQ_EXPR. Ndiyo maana katika C ukiandika if (x = 5) programu haisimami. Umeomba 5 iwekwe ndani ya x, tendo hilo lina thamani ya 5, na 5 si sifuri, basi sharti linahesabiwa kuwa kweli. Kompaila nyingi siku hizi hutoa onyo kwenye mstari kama huo, na nakusihi usilipuuze.

Aina ndiyo inayoamua

Baada ya kukata vipande, kompaila hujenga mti: juu kuna tendo, chini yake kuna vinavyotendewa. Mti wa a == b una kifundo cha usawa na matawi mawili. Kwa sura, mti huo ni ule ule iwe a na b ni namba, maandishi au orodha. Kinachofuata ndicho chenye uzito: kompaila huuliza kila tawi lina aina gani, kisha hubadilisha kifundo kile cha jumla kwa tendo mahususi.

Java inaonyesha jambo hili waziwazi kuliko lugha nyingi. Ukilinganisha namba kamili za biti 32, kompaila hutoa amri kama if_icmpne. Ukilinganisha namba kamili ndefu za biti 64, hutoa lcmp, ambayo huacha -1, 0 au 1, halafu amri nyingine hukagua kama kilichoachwa ni 0. Kwa namba za desimali hutoa dcmpl. Na kwa vitu, yaani chochote kilichoundwa kwenye kumbukumbu na kufikiwa kwa anwani, hutoa if_acmpne. Aliyeandika msimbo ameweka alama mbili zile zile mara nne, kompaila imeandika mambo manne.

Yule mwanafunzi wetu wa majina aliangukia kwenye ile ya nne. Tutamrudia.

Prosesa hulinganisha kwa kutoa

Ukitaka kujua kama namba mbili ni sawa, njia mojawapo ni kutoa moja kwenye nyingine na kuangalia kama jibu ni sifuri. Ndivyo prosesa za familia ya x86 zinavyofanya. Amri yake ya CMP ni kutoa kwa kawaida, isipokuwa jibu linatupwa. Kinachobaki ni vialama vya biti moja moja viitwavyo bendera. Kimoja hupandishwa jibu likiwa sifuri, kingine likiwa hasi, na kadhalika. Amri inayofuata huitazama bendera na kuamua iruke au isiruke. Katika ARM ya biti 64, familia nyingine ya prosesa, CMP si amri ya pekee hata kidogo, ni jina jingine la amri ya kutoa ambayo jibu lake limeelekezwa kwenye rejista (kihifadhi kidogo ndani ya prosesa) ya sifuri, mahali ambapo kila kinachoandikwa hupotea.

Familia ya tatu, RISC-V, imekataa bendera kabisa. Ina amri ya BEQ, inayochukua rejista mbili, kuzilinganisha na kuruka zikiwa sawa, vyote kwa pamoja. Kompaila inayolenga prosesa hizi zote haiwezi kuandika usawa kwa namna moja, kwa hiyo huuweka kwanza katika lugha yake ya ndani, isiyo ya binadamu wala ya prosesa yoyote, na kuutafsiri mwishoni kabisa.

Swali moja la lugha hiyo ya ndani lina uzito kuliko linavyoonekana: jibu la ulinganisho ni thamani au ni njia? Ukiandika if (a == b), huhitaji thamani yoyote, unataka tu kujua upite kulia au kushoto. Ukiandika c = (a == b), unataka kitu cha kuhifadhi. Kompaila ya lugha ya Haskell iitwayo GHC iliwahi kulipitia swali hili kwa kina. Tendo lake la msingi la usawa wa namba, linaloandikwa ==#, zamani lilirudisha thamani ya kweli au uongo ya kiwango cha lugha yenyewe, na kuitumia thamani hiyo kulihitaji kupita njia panda kila mara. Kuanzia toleo la 7.8 la mwaka 2014, tendo hilo hurudisha namba tupu, 1 au 0. Faida yake ni kwamba majibu mawili ya ulinganisho sasa yanaweza kuunganishwa kwa hesabu ya biti, bila kuruka popote. Prosesa za leo hupoteza muda zikikisia vibaya upande wa kuruka, kwa hiyo kuondoa njia panda moja ndani ya mzunguko unaorudiwa mara milioni si jambo dogo.

Sita, kumi, kumi na sita

Sehemu hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu inageuza orodha ya kukariri kuwa kitu unachoweza kukihesabu mwenyewe.

Chukua namba kamili a na b. Uhusiano wao ni mmoja kati ya mitatu: a ni ndogo, ni sawa, au a ni kubwa. Kila swali la ulinganisho ni uamuzi wa mahusiano yapi yatajibiwa ndiyo. “Sawa” hukubali moja. “Si sawa” hukubali mawili, vivyo hivyo “ndogo au sawa”. Kila uhusiano unaweza kukubaliwa au kukataliwa, kwa hiyo kuna maswali 2 × 2 × 2, yaani 8. Ondoa linalokubali yote na linalokataa yote, maana hayo hayaulizi kitu. Yanabaki 6: ==, !=, <, <=, > na >=.

Lakini LLVM, mfumo wa kompaila ulioanzia Chuo Kikuu cha Illinois na sasa unabeba lugha nyingi, una aina 10 za ulinganisho wa namba kamili. Nne za ziada zimetoka wapi? Zimetoka kwenye jinsi biti zinavyosomwa. Biti nane zote zikiwa 1, mpangilio huo ni 255 ukizisoma kama namba zisizoruhusu hasi, na ni -1 ukizisoma kama namba zinazoruhusu hasi. Je, mpangilio huo ni mdogo kuliko sifuri? Jibu linategemea usomaji, kwa hiyo “ndogo”, “ndogo au sawa”, “kubwa” na “kubwa au sawa” kila moja huhitaji matoleo mawili. Usawa haujali. Biti zikifanana zinafanana, vyovyote utakavyozisoma. Nne mara mbili, ongeza mbili, unapata 10. Kwa sababu hiyo hiyo LLVM ina tendo moja la kujumlisha namba kamili lakini ina mawili ya kugawanya: kujumlisha hutoa biti zile zile kwa usomaji wowote, kugawanya hapana.

Ukifika kwenye desimali, idadi inaruka hadi 16. Hapa kuna uhusiano wa nne. Kiwango cha IEEE 754 cha mwaka 1985, ambacho karibu kila prosesa hukifuata, kina thamani iitwayo NaN, yaani kitu kisicho namba, kama jibu la sifuri kugawanywa kwa sifuri. NaN si ndogo kuliko chochote, si kubwa kuliko chochote, na si sawa na chochote, hata na yenyewe. Kwa hiyo desimali mbili zinaweza kuwa ndogo, sawa, kubwa, au zisizolinganishika. Mahusiano manne ni machaguo 2 × 2 × 2 × 2, na LLVM imeyaweka yote 16, pamoja na yale mawili yasiyouliza kitu.

Tokeo lake linagusa kazi ya kila siku. Kwa namba kamili, kinyume cha a < b ni a >= b, na kompaila hubadilisha moja kwa nyingine itakavyo. Kwa desimali haiwezi. Kama a ni NaN, a < b ni uongo na a >= b nayo ni uongo.

“Kompyuta imekosea hesabu”

Dhana hii nimeisikia mara nyingi mno: kwamba kompyuta haiwezi kujumlisha 0.1 na 0.2. Kosa haliko kwenye kujumlisha. Liko mapema zaidi, kwenye kuandika. Desimali katika kompyuta huhifadhiwa kwa sehemu za mbili: nusu, robo, thumuni, na kuendelea. Moja ya kumi haiandikiki kikamilifu kwa sehemu hizo, kama vile theluthi isivyoandikika kikamilifu kwa desimali za kawaida, unapata 0.333 isiyo na mwisho. Kompaila inaposoma 0.1 huchagua thamani iliyo karibu zaidi, ambayo imezidi kidogo sana. 0.2 nayo imezidi kidogo. 0.3 imepungua kidogo. Jumla ya mbili zilizozidi inatoka 0.30000000000000004, inalinganishwa na 0.3 iliyopungua, na prosesa inajibu kwa ukweli kabisa kwamba si sawa. Ukiandika 0.1 + 0.2 == 0.3 katika Java, hata prosesa haiulizwi programu inapoendeshwa. Kompaila huona kwamba kila kitu kinajulikana, huhesabu yenyewe, na kuandika uongo moja kwa moja kwenye programu iliyotafsiriwa.

Dhana nyingine, iliyojificha zaidi, ni kwamba usawa maana yake ni biti kufanana. Kwa namba kamili ni kweli. Kwa desimali si kweli kwa upande wowote. Kuna sifuri chanya na sifuri hasi: biti zao zinatofautiana, lakini == husema ni sawa. NaN mbili zinaweza kuwa na biti zile zile kabisa, lakini == husema si sawa. Katika x86 amri ya kulinganisha desimali hupandisha bendera ya sifuri hata pale thamani zisipolinganishika, na bendera nyingine hupandishwa kuonya. Kompaila basi hulazimika kukagua bendera mbili, na == moja ya desimali mara nyingi huishia kuwa ulinganisho mmoja na miruko miwili.

Hii ndiyo sababu x == x si swali la kipuuzi. Kwa namba kamili kompaila hulifuta na kuweka kweli. Kwa desimali hairuhusiwi, kwani huenda x ni NaN, na waandishi wengi wa programu hutumia x != x makusudi kuikamata. Ukiipa GCC chaguo la -ffast-math, umeiahidi kwamba NaN haitatokea kamwe. Kompaila inakuamini, inafuta ukaguzi wako, na siku NaN itakapotokea hakuna mlinzi mlangoni. Wengi huwasha chaguo hilo kwa kutamani kasi bila kujua wameahidi nini, nami naona hilo linastahili onyo kubwa kuliko linalotolewa.

Sasa turudi kwa majina

Fikiria nakala mbili za kitabu kimoja. Ni kitabu kile kile? Ukimaanisha maneno yaliyomo, ndiyo. Ukimaanisha karatasi hizi ninazozishika, hapana. Lugha ya Lisp ilitambua hili mapema, ikatoa maneno tofauti: eq huuliza kama ni kitu kimoja, equal huuliza kama vinafanana kwa yaliyomo. Python imetenga is na ==. Java imeipa alama == kazi ya kuuliza kama ni kitu kimoja pale inapolinganisha vitu, na kazi ya yaliyomo ikapewa equals.

Amri ya if_acmpne hulinganisha anwani mbili. Hilo ni tendo la msingi, pigo moja tu. Kulinganisha yaliyomo kwenye maandishi haliwezi kuwa hivyo: ni kuita funksheni inayoangalia kwanza kama anwani ni moja, kisha urefu, kisha kupita herufi zote. Jina lililoandikwa na mtumiaji liko kwenye anwani yake, lililohifadhiwa liko kwenye anwani nyingine. Kompaila ilijibu swali iliyoulizwa.

Kinachowachanganya watu zaidi ni kwamba mara nyingine == hufanya kazi kwenye maandishi. Ukiandika neno lile lile mara mbili ndani ya msimbo wako, Java huhifadhi nakala moja tu na kuelekeza pande zote mbili huko, kwa hiyo anwani ni moja. Jaribio la darasani linapita, programu halisi inaanguka. Siri ya 127 na 128 ni hiyo hiyo. Namba ikiwekwa ndani ya kitu cha aina ya Integer, Java inatakiwa itumie upya vitu vya namba kutoka -128 hadi 127. Zaidi ya hapo, kwa kawaida kila namba hupata kitu kipya chenye anwani mpya. Python ya kawaida nayo hutunza namba kutoka -5 hadi 256, na tangu toleo la 3.8 hukuonya ukitumia is kulinganisha na namba uliyoiandika moja kwa moja.

Lugha ya OCaml ilichagua njia ya kuvutia. Namba kamili haipewi anwani. Huandikwa papo hapo, ikizidishwa mara mbili na kuongezwa moja, ili biti ya mwisho iseme “mimi ni namba”. Tano huwa 11, tatu huwa 7. Ili kujumlisha, kompaila hutoa 11 + 7 - 1, inapata 17, ambayo ndiyo nane. Kulinganisha hakuhitaji hata masahihisho hayo: namba mbili zikiwa sawa, maumbo yao ni sawa. Kompaila ya OCaml ikijua kwamba a na b ni namba kamili, alama ya =, ambayo huko ndiyo ya usawa, inakuwa amri moja ya prosesa. Isipojua, kwa mfano ndani ya funksheni inayopokea aina yoyote, huita funksheni ya jumla inayotembea ndani ya vitu vyote viwili kipande kwa kipande. Alama ni ile ile, lakini kasi ya hizo mbili iko mbali sana.

Unaweza kuyaona haya kwa macho yako bila kuniamini mimi. Andika programu fupi ya Java yenye ulinganisho wa namba mbili na wa majina mawili, itafsiri, kisha iite zana ya javap -c juu yake, ikuonyeshe amri zilizotolewa na kompaila. Katika C, gcc -S itakupa faili la amri za prosesa. Katika Python moduli ya dis itakuonyesha COMPARE_OP mahali ulipoandika ==, na kuanzia toleo la 3.9, IS_OP mahali ulipoandika is. Anza na ile programu ya majina, utafute mstari wenye if_acmp.